Lugha za Bayana: Kuitajia Kompyuta Kinachotakiwa

Mnamo Mei 1974, katika mji wa Ann Arbor, jimbo la Michigan nchini Marekani, mabingwa wa kompyuta walikusanyika kusikiliza mjadala wa watu wawili juu ya swali ambalo kwa juujuu laonekana dogo, walakini jawabu lake limeingia katika ofisi, hospitali na simu za mkononi tuzijuazo leo: mtu atakapo habari fulani kutoka katika daftari kubwa lililohifadhiwa ndani ya kompyuta, je, yamlazimu kuieleza mashine hatua kwa hatua namna ya kuifikia habari hiyo, au yatosha kuitajia sifa za habari aitakayo na kuiachia mashine yenyewe itafute njia? Upande mmoja alisimama Charles Bachman, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amepewa Tuzo ya Turing, heshima iliyo kubwa kupita zote katika elimu hiyo, na ambaye katika hotuba yake ya kuipokea alimwita mwandishi wa programu kuwa ni rubani, mtu asafiriye ndani ya data kwa ustadi wake mwenyewe, akitoka kumbukumbu hii kwenda ile kwa kufuata viungo anavyovijua. Upande wa pili alisimama Edgar Codd, Mwingereza mwanahisabati ambaye katika Vita Vikuu vya Pili alirusha ndege za jeshi la nchi yake, na ambaye sasa alikuwa mtafiti wa kampuni ya IBM huko San Jose, California. Na huyu, aliyeujua urubani wa kweli, ndiye aliyeshika kauli kwamba urubani wa data ni mzigo ambao mwanadamu hastahili kutwikwa.

Codd alikuwa ameitangaza rai yake katika makala aliyoitoa mwaka 1970, ambamo alipendekeza kwamba habari zote ziwekwe katika majedwali sahili yenye mistari na safu, pasipo viungo vya siri kati ya kumbukumbu moja na nyingine, na kwamba muulizaji aulize kwa kutaja masharti tu, kama afanyavyo mwanahisabati aelezapo seti kwa sifa za vitu vilivyomo bila kueleza namna ya kuvikusanya. Hapo ndipo unapoonekana mpaka kati ya makundi mawili ya lugha za kuandikia programu. Ziko lugha za amri, ambazo kila sentensi yake ni agizo la kutenda: fanya hili, kisha lile, rudia mara kumi, simama. Na ziko lugha ambazo katika makala haya nitaziita lugha za bayana, ambazo sentensi zake hazitoi agizo la kutenda, bali hubainisha jambo lililo kweli au litakiwalo, na kazi ya kutenda huachiwa mtambo uliotengenezwa kwa ajili hiyo. Wengi wetu tunazitumia lugha hizi za pili kila siku bila kujua, nami naamini kwamba zastahili kufundishwa mapema zaidi na kwa watu wengi zaidi kuliko ilivyo sasa, kwa kuwa humpa mjuzi wa jambo lenyewe, awe muuguzi, karani au kadhi, uwezo wa kusoma na kusahihisha yale ambayo kompyuta inayatenda kwa jina lake.

Na tuichukue zahanati yenye orodha ya watoto 3,000, na muuguzi atakaye majina ya wale waliopita umri wa wiki 14 bila kupata dozi ya tatu ya chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda, ili mhudumu wa afya awafuate majumbani kwao. Katika lugha ya amri, mwandishi wa programu ataiambia mashine ifungue orodha ya watoto, ishike mstari wa kwanza, isome tarehe ya kuzaliwa, iitoe katika tarehe ya leo, na ikiwa siku zimezidi 98 iende katika orodha ya chanjo, iitafute namba ya mtoto yule, izihesabu dozi zake, na zikiwa pungufu ya tatu iliandike jina lake pembeni, kisha irejee katika orodha ya kwanza na kuushika mstari wa pili, na hivyo hivyo mpaka mistari itakapokwisha. Katika SQL, lugha ya bayana iliyotokana na rai ya Codd, swali lile lile, tukiyafasiri maneno yake, lasema: chagua jina la mtoto na jina la mama, kutoka katika jedwali la watoto, ambapo umri wazidi siku 98, na ambapo hapana dozi ya tatu katika jedwali la chanjo. Muuguzi asiyejua programu hata moja aweza kuisoma sentensi hii na kusema, "Sivyo, kwa maana wako watoto waliohamia kutoka wilaya nyingine ambao kadi zao za chanjo hatujazinakili," na maneno yake yatakuwa yamegusa kosa lenyewe, hali akisomewa yale maagizo ya mwanzo, atachoka kabla ya kufika katikati na kusema kwamba anamwamini mtaalamu.

Msomaji atauliza: basi ni nani aijuaye njia? Tuanze na lugha yenyewe. Donald Chamberlin na Raymond Boyce, watafiti wa IBM, walitunga mwaka 1974 lugha waliyoiita SEQUEL, ambayo baadaye jina lake lilifupishwa kuwa SQL kwa sababu kampuni moja ya Uingereza ya kutengeneza ndege ilikuwa na haki ya jina lile la kwanza. Naye Boyce alifariki mwaka huo huo, angali kijana, asiuone ufanisi wa kazi yake. Lakini lugha peke yake ni ombi. Ilihitajika akili ya kulitimiza ombi hilo, na akili hiyo ilielezwa na Patricia Selinger na wenzake katika makala ya mwaka 1979, walipoonyesha jinsi programu iwezavyo kulipokea swali, kuziorodhesha njia mbalimbali za kulijibu, kukisia gharama ya kila njia kwa kutazama ukubwa wa kila jedwali na faharasa zilizopo, kisha kuichagua ile iliyo nafuu. Kazi hii si haba. Swali liunganishalo majedwali 3 laweza kuyapanga kwa namna 6. Yakiwa 5, namna zake ni 120. Yakifika 10, zinazidi 3,600,000. Mwanadamu aliyeketi mbele ya mashine hawezi kuzipima zote, na hata kama angeweza leo, kipimo chake kingekuwa batili kesho, maana zahanati yenye watoto 3,000 yaweza kuunganishwa na nyingine hata orodha ikafikia watoto 3,000,000, na njia iliyokuwa fupi ikawa ndefu. Sentensi ya muuguzi haibadiliki hata neno moja. Njia hubadilishwa na mtambo wenyewe. Hii, nionavyo mimi, ndiyo faida iliyo kubwa kuliko zote katika lugha za bayana, na ndiyo sababu ya mjadala wa Ann Arbor kuishia, kwa hukumu ya miaka iliyofuata, katika ushindi wa Codd, ambaye naye alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1981.

Mambo yalikwenda kwa haraka baada ya hapo. Programu ya Oracle iliingia sokoni mwaka 1979, SQL ikafanywa kanuni rasmi ya Marekani mwaka 1986 na ya kimataifa mwaka 1987, na mwaka 2000 Richard Hipp, Mmarekani, akatoa hifadhidata ndogo iitwayo SQLite, ambayo haihitaji kompyuta ya pekee wala msimamizi, na ambayo imo katika kila simu ya Android na kila iPhone. Mtu afunguapo simu yake akatafuta jina la shangazi yake katika orodha ya namba, au akapitia ujumbe wa juzi, aghalabu ni sentensi ya SQL inayopelekwa na kujibiwa kabla kidole hakijainuka.

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki mfano ulio bora wa matumizi haya ni DHIS2, mfumo wa habari za afya unaoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwe, lakini ambao asili yake ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990, wakati nchi hiyo ilipokuwa ikiziunganisha huduma za afya zilizogawanywa na ubaguzi wa rangi. Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania, Uganda na Rwanda nazo zinautumia. Chini yake imo hifadhidata ya PostgreSQL inayosema SQL. Lakini linalonivutia zaidi liko juu yake, mahali anapofanya kazi ofisa wa takwimu ambaye si mwandishi wa programu. Ofisa huyo, akitaka kiwango cha chanjo cha wilaya, hubainisha kiasi cha juu, yaani watoto waliopata dozi ya tatu, na kiasi cha chini, yaani watoto wote wanaostahili, na mfumo humkokotolea kwa kila zahanati, kila wilaya na kila mwezi bila yeye kuagiza hesabu hata moja. Kadhalika huandika kanuni za uhakiki, kwa mfano kwamba dozi za tatu zilizotolewa kwa mwaka zisizidi dozi za kwanza, na pale takwimu za zahanati fulani zinapokwenda kinyume cha kanuni hiyo, mfumo humwonya, naye akapiga simu kuuliza kama karani amekosea safu. Kanuni ile ni ya sentensi moja, imeandikwa na mtu aijuaye chanjo, na mtu mwingine aijuaye chanjo aweza kuisoma na kuikosoa.

Hata hivyo itakuwa ni kumdanganya msomaji kumfanya aamini kwamba kubainisha ni jambo rahisi, kwa maana mashine hulijibu swali lililoulizwa, wala si lile lililokuwa moyoni mwa muulizaji. Iko hatari moja katika SQL ambayo kila mwanafunzi hana budi kuijua. Ikiwa tarehe ya kuzaliwa ya mtoto haikuandikwa, mahali pake huwekwa alama ya utupu, na kila ulinganisho unaofanywa na utupu huo haupewi jawabu la ndiyo wala la siyo, bali la haijulikani. Basi muuguzi akiuliza watoto waliozaliwa kabla ya Januari, mtoto yule hatokei. Akiuliza waliozaliwa Januari au baadaye, hatokei vilevile. Naye akizijumlisha orodha mbili ataona zimepungukiwa na watu wasiojulikana walikokwenda. Na ni watoto gani wasioandikiwa tarehe ya kuzaliwa? Aghalabu ni wale waliozaliwa nyumbani, mbali na zahanati, ambao mama zao hawakupata cheti, yaani wale hasa ambao mhudumu alipaswa kuwafuata kwanza. Mashine haikukosea, imetenda kama ilivyoelezwa. Ndiyo maana nasisitiza kwamba aliyeketi kuziandika sentensi hizi awe pamoja na mtu awajuaye watoto, si majedwali pekee.

Lugha ya bayana iliyoenea kuliko zote, kwa hukumu yangu, haiitwi na watu lugha hata kidogo. Ni ile ya majedwali ya hesabu, kama Excel. Yalianza mwaka 1979 kwa programu ya VisiCalc, iliyobuniwa na Dan Bricklin alipokuwa mwanafunzi wa biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard na kuandikwa na rafiki yake Bob Frankston. Katika jedwali hilo mhasibu haamuru. Hubainisha kwamba kisanduku hiki ni jumla ya vile kumi vilivyo juu yake, na kwamba kile ni asilimia 18 ya hiki, na tangu wakati huo kauli ile hubaki kweli: bei moja ikibadilishwa, kila kinachoitegemea hubadilika, kwa utaratibu ambao mhasibu hakuupanga. Makatibu wa vyama vya akiba na mikopo, wahasibu wa misikiti na makanisa, walimu watengenezao matokeo ya mtihani, hawa wote ni waandishi wa programu za bayana, na itawafaa kujiheshimu hivyo na kuihakiki kazi yao hivyo. Maana madhara yake ni ya kweli. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, idara ya afya ya Uingereza iligundua kwamba wagonjwa 15,841 hawakuingia katika hesabu za taifa kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, kwa sababu faili za mtindo wa zamani wa Excel haziwezi kuchukua zaidi ya mistari 65,536, na iliyozidi ilikatwa kimya kimya. Watu waliokutana na wagonjwa hao wakachelewa kufuatwa na kuonywa.

Kurasa za intaneti nazo huandikwa kwa lugha ya bayana, HTML, ambayo husema tu kwamba haya maneno ni kichwa cha habari na hii ni aya, na kwa hiyo ukurasa mmoja hukaa sawa katika simu ndogo na katika kioo kipana. Na ratiba za treni pia: shirika la reli la Uholanzi, lilipotaka kuipanga upya ratiba yake nzima iliyoanza kutumika Desemba 2006, yenye treni kama 5,500 kwa siku, lilitumia programu zilizopewa masharti, kwamba treni hii isiifuate ile kwa chini ya dakika kadhaa, na kwamba abiria wa huku apate wasaa wa kudaka treni ya kule, na mtambo ukatafuta mpango unaoyatimiza yote. Kazi hiyo ilipata Tuzo ya Edelman mwaka 2008.

Sasa nafika katika sehemu niipendayo kuliko zote, nayo ni sheria. Mwaka 1972, mjini Marseille nchini Ufaransa, Alain Colmerauer na Philippe Roussel walitengeneza lugha ya Prolog, wakisaidiwa na fikra za Robert Kowalski, aliyekuwa Edinburgh wakati huo. Programu ya Prolog ni mkusanyiko wa kauli za namna mbili tu: mambo yaliyo kweli, na kanuni zisemazo kwamba jambo fulani ni kweli ikiwa mambo mengine ni kweli. Kowalski na wenzake watano, katika Chuo cha Imperial mjini London, walifikiri kwamba maandishi yaliyojengwa kwa namna hiyo hiyo tayari yako duniani, nayo ni sheria za nchi. Wakaichukua Sheria ya Uraia wa Uingereza ya mwaka 1981, sheria iliyogusa pia majaaliwa ya watu wenye asili ya Bara Hindi walioishi Kenya na Uganda wakiwa na pasipoti za Kiingereza, wakayaandika mafungu yake kuwa kanuni za mantiki, na kazi yao ikatangazwa mwaka 1986. Fungu la kwanza halikuwasumbua: mtu aliyezaliwa nchini humo baada ya sheria kuanza kutumika ni raia ikiwa, wakati wa kuzaliwa kwake, baba yake au mama yake ni raia au mkazi wa kudumu. Lakini fungu linalofuata lahusu mtoto mchanga aliyeokotwa bila kujulikana wazazi wake, ambaye sheria yamhesabu kuwa amezaliwa hapo kwa wazazi wa namna hiyo, isipokuwa idhihirike kinyume. Na hapo watafiti walilazimika kutafakari kwa kina, maana kauli iliyo kweli leo kwa kukosekana ushahidi yaweza kuwa batili kesho ushahidi utakapotokea. Fauka ya hayo, ile juhudi ya kuibainisha sheria ilifichua mahali mbalimbali ambapo maneno ya watunga sheria yabeba maana mbili, nayo ni faida ambayo isingepatikana kama kazi ingefanywa kwa maagizo ya hatua kwa hatua, ambamo kila utata huamuliwa na mwandishi wa programu kimya kimya, bila idhini ya bunge.

Wasomaji wa pwani wataiona mara moja fani nyingine iliyojengwa hivi tangu zamani, nayo ni elimu ya mirathi ya Kiislamu, inayohukumiwa hata leo katika mahakama za kadhi za Kenya na Zanzibar. Kanuni zake ni bayana tupu. Mke hurithi thumni ikiwa marehemu ameacha mtoto, na robo ikiwa hakuacha. Mabinti wawili au zaidi, pasipo mwana wa kiume, hurithi thuluthi mbili. Mama hurithi sudusi ikiwa marehemu ameacha mtoto, na baba kadhalika. Kila kanuni husimama peke yake, na mwanafunzi wa chuoni huihifadhi bila kufundishwa ianze ipi na imalizie ipi. Lakini ziwekwe zote pamoja katika mas-ala ya mtu aliyefariki akaacha mke, mabinti wawili, baba na mama: mke ana mafungu 3 katika 24, mabinti 16, baba 4 na mama 4, na jumla ni 27, ilhali mali ni 24. Imepokewa kwamba Khalifa Ali bin Abi Talib aliulizwa swali hili akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo kwamba thumni ya mke imegeuka kuwa tusui. Yaani mali igawanywe mafungu 27, na kila mrithi apungukiwe kwa kadiri ya fungu lake, hata mke akapata 3 katika 27. Hii ndiyo kanuni ya auli, waifuatayo wanazuoni wa madhehebu ya Kisuni. Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, aliikataa, na madhehebu ya Kishia ya Jaafari yaikataa pia, na upungufu katika mas-ala haya huwaangukia mabinti, wakabakiwa na 13 katika 24.

Haya yote katika Prolog ni kurasa chache, na uzuri wake ni kwamba ikhtilafu za wanazuoni huonekana mahali pake: kanuni ya auli yaweza kuondolewa na nyingine kuwekwa, na kanuni ya thumni wala ya sudusi isiguswe. Kadhi aweza kuisoma kanuni moja moja na kuifananisha na kitabu chake. Zaidi ya hayo, kanuni zile zile zaweza kuulizwa kwa pande kadhaa: waweza kuuliza fungu la mama ni lipi, na waweza kuuliza ni warithi gani wakiwapo ndipo fungu la mama huwa sudusi, wala huandiki programu ya pili. Yapasa kukumbuka kwamba Al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9, katika kitabu chake maarufu cha aljebra alitenga sehemu kubwa kwa ajili ya wasia na mirathi. Kuugawa urithi kwa haki ni miongoni mwa kazi za mwanzo ambazo hisabati hiyo ilitumikishwa.

Ufaransa nayo imejifunza somo hili kwa njia yake. Idara ya kodi ya nchi hiyo hukokotoa kodi ya mapato kwa lugha yake yenyewe, iitwayo M, iliyoanzishwa mwaka 1990, ambayo maandishi yake yalifunguliwa kwa umma mwaka 2016. Na watafiti wa taasisi ya Inria wametunga lugha nyingine, Catala, iliyoelezwa mwaka 2021, ambamo kila fungu la sheria huandikwa pamoja na kanuni yake ya programu ubavuni, na mwanasheria huketi na mwandishi wa programu wakalipitia neno kwa neno. Kanuni na mustathna zake huandikwa mbalimbali, kama sheria yenyewe iliyo na desturi ya kusema jambo kwanza na kulitolea mustathna baadaye. Raia atozwaye kodi ana haki ya kuijua kanuni iliyomtoza, na haki hiyo haina maana ikiwa kanuni imezikwa katika maagizo ambayo hata walioyaandika hawawezi kuyasoma baada ya miaka mitano.

Lugha hizi zina mipaka yake, nami sitaificha. Prolog si bayana kwa ukamilifu: ukiandika kwamba mtu ni mhenga wa fulani ikiwa ni mhenga wa mzazi wa fulani, ukaiweka kauli hii kabla ya ile isemayo kwamba kila mzazi ni mhenga wa mwanawe, na ukazipanga sehemu zake vibaya, mashine itazunguka bila mwisho ingawa kila ulichosema ni kweli. Mtambo wa SQL nao hukosea makisio yake, ukachukua njia ndefu, na hapo hapana budi kumwita fundi aijuaye njia. Japani ilianza mwaka 1982 mradi mkubwa wa miaka kumi wa kutengeneza kompyuta za kizazi cha tano zitakazofikiri kwa programu za mantiki. Elimu nyingi ilipatikana, lakini mashine zenyewe hazikushika soko, kwa kuwa kompyuta za kawaida zilizidi kwenda kasi na kushuka bei kila mwaka. Na kuna kazi, kama kuongoza mota au kuchora picha ziendazo kasi, ambazo utaratibu wa hatua ndiyo kazi yenyewe, na huko lugha za amri zina haki yake.

Vijana wetu wanaojifunza kompyuta, katika shule nyingi na vyuo vingi, huanza na lugha za amri na aghalabu huishia hapo, wakahitimu wakijua kuiendesha mashine lakini hawajazoezwa kuuliza kinachotakiwa hasa. Nawasihi walimu wawape SQL na Prolog tangu mwaka wa kwanza. Gharama si udhuru: Hipp ameitoa SQLite kuwa mali ya watu wote, bila masharti yoyote, na SWI-Prolog, iliyoanzishwa na Jan Wielemaker mjini Amsterdam mwaka 1987, hupatikana bure, na zote mbili hufanya kazi katika kompyuta kuukuu isiyo na intaneti. Na kazi za mazoezi zisiwe za maduka na mashirika ya ndege ya ng'ambo. Mwanafunzi wa Mombasa au Unguja apelekwe kwa mwanachuoni wa mirathi, aziandike kanuni zake, amletee zikiwa zimechapwa kwenye karatasi, na mwanachuoni azisahihishe kwa kalamu. Mwanafunzi wa Mwanza au Kisumu apelekwe kwa muuguzi wa zahanati, aulize ni watoto gani hawaonekani katika orodha na kwa sababu gani. Kalamu nyekundu na karatasi vitatosha kwa kazi hiyo, wala haihitaji kungoja bajeti ya mwaka ujao.